Kitambaa cha Siwema

Siwema alizaliwa Malolo, akaolewa Ruaha na Gabrieli, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kuonja pombe hata ya harusi. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, gari la sinema lilipiga kambi kando ya mto kutengeneza picha ya rangi kuhusu uvuvi. Gabrieli aliajiriwa kushika sanduku la kioo lililozamishwa na kamera ndani yake. Siwema alipika na kufua.

Mpiga picha, Filipo, alimwamuru Gabrieli asogee kwenye matete, kwenye samaki wengi. Mamba akamkata mkono. Filipo akawaambia wakubwa wake kwamba mtu yule alikuwa amelewa. Wakaamini. Kanisani Gabrieli akavuliwa uzee, njiani wakaanza kumwita Gongo, kama ile pombe haramu. Siwema alibaki kambini, akampikia Filipo ugali, akamtazama akila.

Kufua kitambaa cha kamera nako kulikuwa kazi ya Siwema. Maji ya mto ule ni ya manjano, nayo hugeuza rangi ya kila kilichomo. Kwa hiyo, kabla ya kupiga picha, kitambaa cheupe kilichobanwa kwenye ubao kilizamishwa mbele ya kamera. Mafundi wa Dar es Salaam walirekebisha rangi za filamu mpaka kitambaa kionekane cheupe. Rangi nyingine zote zikafuata.

Siku moja Siwema alikitia bluu ya kufulia, kama kila mwanamke afanyavyo kwa shuka nyeupe. Filipo akafoka.

"Shemeji, bluu hapana! Bluu inaficha umanjano wa maji. Mafundi watadhani mambo ni shwari, wauache. Watu watatoka na macho ya manjano kama walevi!"

"Nisamehe, Ndugu Filipo. Sisi wa Malolo tunajua kufua tu."

Tangu hapo alikitia bluu kila alipokifua, kidogo kidogo, akizidisha. Ndani ya maji kiling'aa.

"Sasa umejua kufua," Filipo akamsifu. Kisha akaingia mtoni mwenyewe kuonyesha mgono wa kunasia samaki, msaidizi wake akashika kamera.

Picha ilipoletwa kuonyeshwa Ruaha, kijiji kizima kilikuja, pamoja na wakubwa wa Filipo. Samaki walitokea kama waliopikwa kwa bizari. Kisha ukaja uso wa Filipo chini ya maji, umejaa pazia lote la sinema, macho wazi, ya manjano.

"Mama yangu! Huyu kalala kilabuni!" akapiga kelele Sikuzani, muuza vitumbua.

"Mpeni supu!" mwingine akadakia.

Wakubwa hawakucheka. Mmoja akamuuliza Filipo, mbele za watu, kama alikuwa akinywa kazini.

Filipo akamfuata Siwema mbio. "Shemeji, ni bluu. Waambie!"

"Waambie kwanza habari za Gabrieli. Kwa kipaza sauti. Nami nitasema yangu."

Filipo akapanda kwenye gari. Akasema kwamba Gabrieli hakuwa amelewa, kwamba yeye ndiye aliyemtuma kwenye matete, na kwamba alidanganya. Mchungaji akavua kofia.

"Haya, shemeji," Filipo akasema, akimnyooshea kipaza sauti. "Zamu yako. Waambie habari za kitambaa."

"Kitambaa gani tena, ndugu yangu?"

Akamshika mumewe mkono uliobaki, wakapita katikati ya watu kwenda nyumbani.