Moshi wa Stesheni

Walisema mtoto wa muuza ndizi wa Murukulazo hatafika hata Mwanza. Nilivuka bahari, nikarudi na diploma, na leo bati langu ndilo linalong'aa kuliko yote kijijini. Lakini siku magaidi walipolipua bomu kwenye stesheni ya treni kule ughaibuni, wenzangu walikimbia, mimi nikalala kifudifudi. Askari alinivuta mkono, nikagoma kuinuka. Moshi ule ulikuwa na harufu niliyoijua tangu utotoni, kwenye barabara ya Lusahunga.

Miaka ile ya wakimbizi kutoka nchi jirani, mabasi ya barabara hiyo yalisubiri polisi wa kuyasindikiza msituni kwa hofu ya majambazi. Dereva wetu alichoka kusubiri. "Jamani, tutalala hapa hapa?" alisema, akaondoa basi. Majambazi walitusimamisha kwa risasi, wakatulaza vumbini. Mama akanikandamiza shingo. "Usiinuke, baba, mpaka nikuambie."

Jambazi mmoja akaliona fundo la hela kwenye kanga yake.

"Ni ada ya mtoto, mwanangu," mama alimwambia.

Mlio mmoja ukasikika, na mkono wake ukawa mzito shingoni mwangu.

Polisi walipofika, abiria waliinuka wakijifuta vumbi. Mimi nilibaki chini, nasubiri aniambie.