Topolojia Kwenye Posa

Siku ya posa, mshenga ndiye anayesema. Mwoaji kazi yake ni kukaa kimya aonekane ana adabu. Baba mdogo, mshenga wangu na msafirishaji wa mbao pale Makambako, alinikumbusha hilo njia nzima hadi Njombe. "Wewe funga mdomo, mwanangu. Mke utapata." Nikaapa. Loo, kiapo cha msomi!

Tulikaribishwa vizuri, chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Baba wa binti, mkulima wa jirani na misheni, akauliza kijana anafanya kazi gani. Miaka ile serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na kila mwenye akili zake alishaingia kwenye biashara. Baba mdogo akajibu kwamba nafundisha hesabu chuo kikuu. Ilitosha kabisa, lakini mimi nikaona amenipunja.

"Samahani, mzee," nikadakia, "ni topolojia, hesabu ya nafasi, ila kwa njia ya mantiki."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikaendelea. Nikaeleza kwamba zipo nafasi ambazo nukta zake huzioni, kama mashamba ya hapa ukungu ukishuka. Unachojua ni kauli tu: ipo ng'ambo ya mto, ipo juu ya barabara. Mantiki inauliza kama kauli hizo zinaweza kuwa kweli mahali pamoja. Na zipo nafasi nzuri ajabu, nikasema huku mate yakinitoka, ambamo hata kauli zikiwa hazina mwisho, mradi zozote chache utakazochukua hazigombani, basi ipo nukta inayozitimiza zote!

"Haya," mzee akasema. "Mimi zangu ni tatu tu. Binti yangu akae karibu na mama yake. Aishi na mumewe. Na mume asiache kazi."

Nikazipima mbili mbili, harakaharaka. Karibu na mama, pamoja na mume: sawa, nahamia Njombe. Pamoja na mume mwenye kazi: sawa, twende Dar. Karibu na mama, mume na kazi yake: sawa, yeye huku, mimi kule. Hakuna ugomvi!

"Zote zinawezekana, mzee!" nikatangaza kwa sauti ya mhadhara.

"Chuo chako kipo wapi?"

"Dar es Salaam."

"Na mama yake yupo wapi?"

Wajomba wa binti walicheka hadi mmoja akatoka nje kukohoa. Kosa lile, kupima kauli mbili mbili bila kuzipima zote tatu pamoja, ningemfelisha nalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mzee hakucheka. Alisema posa isubiri kwanza, na mimi nilimtaka yule binti kuliko digrii zote za duniani.

Baba mdogo, Mungu amlaze pema, akaomba binti mwenyewe aulizwe. Akaja, akapiga magoti karibu na mlango. Alishasikia yote kutoka jikoni.

"Umeelewa kazi ya huyu?" baba yake akamuuliza.

"Sijaelewa hata kidogo, baba. Ila hilo la kukaa karibu na mama ni lako, mimi sijalisema. Nitakwenda naye."

Mama yake akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, na mimi niliyekuja kuomba ndipo nikaelewa ninaomba nini.