Nilimpa Msanii Wimbo wa Msiba wa Wifi Yangu

Kosa ni langu. Natanguliza hilo kwa sababu najua nikianza kusimulia nitataka mnionee huruma, na wa kuonewa huruma hapa si mimi.

Mimi ni binti wa Sola, Maswa. Nasuka nywele kwenye saluni moja ya Binza. Nilikuwa na mungu mwingine, jamani, na huku naimba kwaya! Mungu huyo ni msanii mmoja wa Dar es Salaam. Mashabiki wanamwita Malkia, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Picha zake zilijaa ukuta wa saluni. Nilicheka kama yeye, nilitembea kama yeye. Mtu akimsema vibaya mtandaoni namtukana mpaka na wazazi wake. Kuna siku nilifunga kula ili ashinde tuzo! Mimi huyo huyo ambaye kanisani wakitangaza mfungo nilikuwa natafuna michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwa kujificha jikoni.

Kwa nini? Nilijiona si mtu. Kidato cha nne nilifeli. Mchumba aliniacha akaoa jirani. Nyumbani anayesifiwa ni kaka yangu Masanja, mimi nilikuwa "yule wa nywele". Nikasema moyoni, Malkia akilijua jina langu tu, basi, na mimi nitakuwa mtu.

Masanja ameoa mwanamke anaitwa Nyamizi. Huyo ndiye wifi yangu. Mtoto wao wa kwanza alifariki hata jina hajapewa. Nyamizi akawa wa kupika, kulima na kuitikia salamu, basi. Ukimwangalia machoni, mwenyewe hayupo.

Halafu msimu wa kuvuna pamba, tukiwa shambani, nikamsikia anaimba chini chini: "Nimetandika shuka, mbona hujaja kulala." Kesho yake tena. Maneno yakaongezeka, akawa anamwomba Yesu ampokee mtoto, amlaze Yeye. Mwalimu wetu wa kwaya akausikia, akamwomba autoe kanisani. Siku tulipouimba hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Tuliporudi nyumbani Nyamizi alikula, akaomba kuongezewa ugali. Masanja alitoka nje akalia kwa sababu ya ugali ule tu.

Sasa sikieni nilichofanya.

Malkia alikuwa laivu, akasema anatafuta kitu cha moyoni kutoka mikoani, mwenye wimbo amtumie. Mimi nilikuwa nimeurekodi ule wetu mazoezini, siku ambayo Nyamizi alikuwa na mafua nikaongoza mimi. Nikautuma. Sikumuuliza mtu.

Akajibu! Malkia mwenyewe! "Mrembo, huu wimbo wa nani?"

Nikaandika: "Ni wa kwangu."

Sikusita hata kidogo. Vidole vyangu hivi hivi ninavyosukia.

Akasema nina kipaji. Akasema akija Simiyu atanipandisha jukwaani. Nilipiga ukelele mpaka mteja wangu, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akaruka kwenye kiti akidhani nyoka kaingia.

Wimbo ulipotoka nilikuwa naelekea kazini. Kijana wa bodaboda alikuwa ameufungulia kwa sauti kubwa. Shuka lile lile, lakini sasa kuna midundo ya kukatia viuno, na Malkia anahema hema katikati. Yesu katolewa, kawekwa mpenzi. Shuka la kichanga limekuwa shuka la mambo mengine. Mnanielewa.

Nikatafuta jina langu kwenye simu, wapi! Nikamwandikia kwa adabu kabisa. Akanibloku.

Nililia njia nzima. Na aibu yangu kubwa ni kwamba nililia kwa ajili ya jina langu. Nyamizi hakunijia hata akilini.

Alinijia siku tulipopeleka pamba kituoni kwa wanunuzi. Nyamizi alikuwa na mzigo kichwani. Vijana wa pale wakauweka ule wimbo, mmoja akawa anaonyesha kwa kiuno jinsi shuka linavyotandikwa, wenzake wanacheka. Nyamizi aliutua mzigo taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani kawapa?" akauliza.

Kijana akacheka. "Dada, si wimbo wa Malkia huu? Uko wapi wewe?"

Akageuka kuniangalia. "Wifi, nani kawapa?"

Nikasema, "Sijui, wifi."

Jamani!

Kanisani wakaanza kuulizana nani alikuwa na rekodi. Mwalimu wa kwaya akasema mwenyewe kwamba anayo kwenye simu yake, kwa ajili ya mazoezi. Kwa ukweli wake huo wakamshuku. Watu wakaanza kusema kauza machozi ya mwanamke wa watu. Akavuliwa uongozi wa kwaya. Mimi nimekaa benchi la sauti ya kwanza nimenyamaza, najiambia Malkia akija Bariadi atanitambulisha, atamtaja Nyamizi, kila kitu kitanyooka. Bado nilikuwa namwamini! Alishanibloku na bado nilikuwa namwamini.

Akaja kweli. Siku ya onesho nilidamka nikaenda Bariadi, nikasimama getini kwenye hoteli aliyofikia, pamoja na mashabiki wengine, tangu asubuhi. Mchana gari lake likatoka. Nikapenya hadi dirishani.

"Malkia! Ni mimi wa Maswa! Wa ule wimbo!"

Kioo kikashuka. Akaniangalia. Alinikumbuka, naapa, niliona macho yake yalivyoshtuka. Kisha akatabasamu lile tabasamu nililokuwa nimelibandika ukutani.

"Wimbo gani, mpenzi?"

"Wa shuka. Niliokutumia. Ni wa wifi yangu, alifiwa na mtoto, naomba umtaje tu..."

"Si uliniambia ni wa kwako?" akasema kwa sauti ya chini. Halafu kwa sauti kubwa, watu wasikie: "Kila ninapokwenda kuna mtu ananiambia wimbo ni wake! Mpeni fulana huyu."

Baunsa akanitupia fulana yenye sura yake. Kioo kikapanda. Wenzangu wakanizonga, wananionea wivu kwa sababu ya fulana!

Nilikaa kando ya barabara. Nimesalitiwa, nikasema. Nikalirudia neno hilo mdomoni, nimesalitiwa, nimesalitiwa, na kila nikilirudia naona sura ya Nyamizi pale kituoni. Alichonifanyia yule mwanamke nilikuwa nimekwisha kumfanyia wifi yangu. Yeye angalau hajala na mimi sahani moja.

Sikuingia kwenye onesho. Nikarudi Sola. Nyamizi nilimkuta uani anachambua maharage.

"Mwadila, wifi," akanisalimu.

Nikamwambia, "Wimbo niliutuma mimi."

Mikono yake ikasimama. "Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu. Aliniita mrembo."

Alicheka, kicheko kibaya ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Mrembo! Mimi nakuita wifi kila siku. Hiyo haikukutosha?"

Nikapiga magoti. Akanizuia kwa mkono.

"Usinipigie magoti mimi. Nenda kwa Mwalimu kwanza, unamwacha mtu wa watu anaitwa mwizi. Mimi sina la kukuambia leo."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, nikasema yote. Mwalimu wa kwaya alisikiliza, akasema "Asante," akakaa. Waliporudi kumbembeleza aongoze tena alikataa. Siku hizi anasali kanisa lingine. Mimi nilisimamishwa kwaya, nikakalishwa nyuma kabisa, na mama yangu hakunisemesha mpaka mvua zikaanza.

Sasa hapo nyuma ndipo jambo lilinitokea. Halikuwa jambo la kishindo. Mchungaji alikuwa anaomba, na mimi nikajaribu kuomba, nikajikuta natafuta namna ya kumwambia Mungu mimi ni nani, kama nilivyokuwa namwandikia Malkia: ni mimi wa Maswa, ni mimi wa wimbo. Nikanyamaza ghafla. Yeye ananijua! Alinijua nikiwa naandika "ni wa kwangu". Alinijua nikiwa nimenyamaza Mwalimu anavuliwa uongozi. Na ni kwa ajili ya mtu huyo huyo, siyo mwingine aliye bora, Yesu alikufa. Nililia pale benchi la nyuma mpaka ibada ikaisha. Kwa mara ya kwanza sikutaka kuwa mtu mwingine. Nilitaka tu kuwa mimi, nitubu nikiwa mimi.

Sidanganyi kwamba kila kitu kimepona. Nyamizi alinisamehe, alisema kwa mdomo wake, lakini wimbo hajauimba tena. Nikimwomba aimbe hata tukiwa wawili shambani anasema, "Kila nikianza namsikia yule anahema." Nikienda kwake naacha simu nyumbani. Hakuniambia niache. Naacha mwenyewe.

Juzi tulikuwa kwenye harusi Nyalikungu. Wakauweka ule wa Malkia. Ukumbi mzima ukainuka, mpaka wazee. Nyamizi akatoka nje, na mimi nikamfuata. Tulikaa kwenye ngazi. Nikamshika mkono, akauacha ukashikwa.

Ndugu yangu unayesoma hapa, msanii mpende, nyimbo zake zicheze, sikukatazi. Lakini kama unahitaji mtu maarufu akujibu ndiyo ujione una thamani, nakusihi kwa jina la Yesu, rudi nyuma. Ulikuwa na thamani kabla hujanunua simu. Na usichukue cha mtu wa nyumbani kwako ukampa mtu wa mbali ili akutazame. Atakutazama mara moja tu, atapandisha kioo, na wewe ndiye utakayebaki hapa kuwaangalia wenzako usoni.