Gari la Kuvuta Boti ya Tabby Gathoni

Tabby Gathoni alipostaafu ualimu, sisi majirani zake wa Gatongora, Ruiru, tulidhani tunajua kitakachofuata. Atafuga kuku. Karibu kila mwalimu mstaafu wa mtaa wetu anafuga kuku, na wengine tulikuwa tushaanza kumuuliza mayai yatakuwa tayari lini. Lakini Jumamosi moja asubuhi alirudi nyumbani na boti.

Ilikuja juu ya trela, ikivutwa na lori la kukodi. Ilikuwa nyeupe, na mstari wa zambarau ubavuni, na juu yake mnara wa chuma mrefu hivi kwamba vijana walilazimika kuinua nyaya za stima kwa miti ya ufagio ili ipite. Mwenye duka la kona alitoka na kikombe chake cha chai akauliza kama kuna mafuriko yametangazwa.

"Ni ya kuvuta mtu," Tabby akamwambia. "Unasimama kwenye ubao, unashika kamba, boti inakimbia na wewe unateleza nyuma yake juu ya maji. Inaitwa wekbodi."

"Na huyo mtu wa kuvutwa ni nani?"

"Si ni mimi?"

Mimi huimba naye sauti ya pili katika kwaya, kwa hivyo nilikuwa nimeshasikia mwanzo wa habari hii. Tabby alikuwa amefundisha michezo katika shule za Thika maisha yake yote ya kazi: netiboli, kuogelea, mbio za kupokezana vijiti. Ana mabega mapana, na sauti inayofika mwisho wa uwanja bila kipaza sauti. Hakuolewa, na hajawahi kuonekana akisikitika kwa hilo. Mwaka aliostaafu, mpwa wake Kui, anayefanya kazi benki mjini Thika, alimchukua wakashinde kwenye bwawa la shamba moja kubwa ng'ambo ya Kilimambogo. Vijana huenda huko kucheza majini. Mpango ulikuwa Tabby akae kivulini na chapati zake. Kabla ya saa sita alikuwa ameomba jaketi la kuelea.

Alianguka asubuhi nzima. Alasiri alisimama juu ya ubao kwa muda wa kuanza "Baba yetu uliye mbinguni" na kufika kwenye mkate wa kila siku, kisha akatumbukia tena. Aliibuka akicheka sana hata Urbanus Kyengo, anayeangalia bwawa hilo na kuendesha boti za wageni, akadhani analia, akamgeuzia boti mbio.

Baada ya hapo hakukuwa na la kumzuia. Familia moja ya Membley ilikuwa inahamia ng'ambo na haingeweza kubeba boti yao. Tabby aliipata kabla hata haijatangazwa.

Tatizo lilijitokeza alipompigia Urbanus kumwambia.

"Hongera sana, Madam," Urbanus alisema. "Lakini mwenye shamba hakubali boti ilale hapa. Ya mtu yeyote. Inakuja asubuhi, inaondoka jioni."

Tabby alitoka nje akaitazama boti, halafu akakitazama kigari chake cha kijani, kilichokuwa kimezoea kubeba unga na magauni ya kwaya. Ilikuwa kama kumfunga mbuzi kwenye jembe.

Wa kwanza kujitolea alikuwa Kui. Alikuwa na gari lake la kwenda kazini, la chini chini, lenye mwendo mtamu. Fundi akalifungia nyuma ndoano ya kushikia trela na tukaondoka. Kwenye barabara kuu kutoka Ruiru hadi Thika hatukuona shida. Tulipita Makongeni tukiimba. Halafu, kwenye barabara ya Garissa, tukaanza kuteremka.

Trela ilianza kuyumba polepole, kushoto, kulia, na kila ilipoyumba ilivuta mkia wa gari uifuate. Muuza mananasi kando ya barabara alituona kwa mbali akakumbatia mananasi yake na kurudi nyuma.

"Tata!" Kui alimwita shangazi yake kwa kelele. "Hii kitu inatuendesha!"

"Usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwenye mafuta. Usukani, shika hivyo hivyo, usipigane nao." Tabby alisema kwa ile sauti ya uwanjani, na nadhani hata trela ilimsikia, kwa sababu ilitulia.

Tuliingia kituo cha mafuta cha kwanza tulichokiona. Tabby akampigia Urbanus.

"Hiyo boti, ukiweka trela, mafuta na vitu vyote, inakaribia tani mbili na nusu," Urbanus alisema. "Gari yenyewe iko na uzito gani?"

Kui alifungua kitabu cha gari akasoma. Gari lilikuwa nusu ya hiyo, na kidogo tu juu.

"Basi boti ndiyo imewavuta nyinyi," Urbanus akasema. "Rudini polepole, ama mtafute lori."

Tulitafuta lori.

Habari zilipomfikia Gachanja, baba yake Kui, hakufurahi hata kidogo. Gachanja ni mdogo wake Tabby, na anauza magari kwenye yadi karibu na barabara ya mchepuko, upande wa Membley. Katika ukoo wao hakuna gari lililowahi kununuliwa bila yeye kulizunguka mara kadhaa na kulipiga teke gurudumu.

"Mnaenda kumuuliza mlinzi wa bwawa mambo ya gari na mimi niko hai?" alimwambia dada yake. "Wiki ijayo nakuletea gari."

Na kweli alileta. Lilikuwa refu, rangi ya lulu, viti vya ngozi, kioo juu ya paa. Ukifungua mlango lilikuwashia taa chini, ukanyage mahali unapopaona. Akina mama wa kwaya walilizunguka wakisema "Ngai!" Tabby mwenyewe aliingia, akakaa, akashika usukani, na niliona limemgusa. Walikubaliana kulijaribu kwanza kabla ya kununua.

Safari hii barabara ya Garissa ilikuwa kama kitanda. Kwenye mteremko trela ilifuata kimya kimya, na Gachanja akawa ananitazama kwenye kioo kila baada ya kona, kama anayetaka nitoe ushahidi.

Bwawani Urbanus alitupokea kwa salamu, akalizunguka lile gari, akainama akachungulia chini.

"Bosi, linavuta na magurudumu ya mbele ama ya nyuma?"

"Linavuta," Gachanja alijibu.

Urbanus alimtazama Tabby. Tabby alitazama maji. Nadhani alijua, lakini jua lilikuwa zuri na ubao ulikuwa unamngoja.

Kuishusha boti hakukuwa na kazi. Udongo wa pale unateremka wenyewe. Siku hiyo Tabby alisimama juu ya ubao mara nyingi kuliko alivyoanguka, na Kui akajifunza kuvuka mawimbi ya boti kwa kuruka. Gachanja alikaa ndani ya gari lake milango ikiwa wazi, akitupungia mkono kama mgeni rasmi.

Saa ya kuitoa boti ndipo mambo yalipogeuka. Boti ilipofungwa kwenye trela, uzito wake uliukandamiza mkia wa gari na pua ikainuka. Na ni hiyo pua iliyokuwa na magurudumu ya kuvuta. Gachanja alikanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yakazunguka, yakarusha matope, gari halikwenda popote. Akakanyaga zaidi. Gari likaanza kurudi nyuma.

"Gachanja, wacha mafuta!" Tabby alipaza sauti. "Vuta breki ya mkono!"

Urbanus alikuwa ameshakimbia na mawe mawili akayasukuma nyuma ya magurudumu ya trela. Gari likasimama, lakini maji yalikuwa yameshafika kwenye buti la gari. Gachanja alifungua mlango, akatazama chini, akaufunga tena.

Hapo juu ya ukingo mama mmoja anayeitwa Wavinya alikuwa analima shamba lake kwa maksai wawili. Alikuwa amesimama akitazama mambo yote tangu mwanzo, bila haraka. Urbanus alimwita kwa Kikamba. Wavinya akafungua jembe, akateremka na maksai wake.

"Hawa hawajawahi kuvuta gari ya mtu wa Nairobi," alisema.

"Sisi si wa Nairobi," nikamwambia. "Ni wa Ruiru."

"Ni mahali pamoja."

Walifunga mnyororo kwenye gari. Maksai waliinamisha vichwa, Wavinya akawasemesha, wakavuta. Sisi tulisukuma ubavuni, matope hadi magotini. Lile gari la rangi ya lulu likatoka majini na boti nyuma yake, taratibu, kwa heshima kama maandamano ya harusi, Gachanja akiwa ameshika usukani usio na kazi. Kui alicheka hadi akaketi chini. Tabby alijikaza kwa ajili ya mdogo wake, kisha akashindwa.

Gachanja hakucheka. Aliendesha hadi Ruiru, harufu ya matope ikiwa imejaa kwenye ngozi ya viti, na baada ya hapo hakupokea simu ya dada yake. Tabby alianza kukosa raha. Hata kwenye kwaya alikuwa anaimba kama mtu aliye mbali. Hatimaye alifunga chapati moto, akanipitia, tukaenda yadi. Tulimkuta Gachanja akipangusa kioo kilichokuwa safi tayari.

"Umenikasirikia," Tabby alisema.

"Sijakukasirikia." Aliendelea kupangusa. "Nilikuwa nataka watu wakuone umekaa mahali pazuri. Wazazi walipotuacha wewe ulienda kufundisha kwa miguu, jua na mvua, ili sisi tusome. Nilisema siku moja nitakuweka kwenye gari ambalo mtu akiliona atageuka."

Tabby alimpokonya kile kitambaa akakitia mfukoni.

"Nimesikia. Na mimi nataka kukaa mahali pazuri, Gachanja. Lakini kwangu mahali pazuri ni nyuma ya ile boti, nikiwa nimelowa. Gari ni la kunifikisha. Nisaidie kulipata hilo."

Gachanja alichukua chapati moja akaikunja, akala yote kabla ya kusema.

"Basi unataka gari zito," alisema. "Refu, lisiyumbishwe. La dizeli. La kuvuta kwa magurudumu yote manne, na liwe na ile gia ya chini ya kupanda polepole. Na fremu ya chuma chini, si hizi za kuonekana tu."

"Sasa umeongea kama Urbanus."

"Usiniharibie siku."

Wakaanza kutafuta pamoja, na lilikuwa jambo la kufurahisha kuwatazama. Kila gari lililotajwa, Tabby aliomba lifungiwe boti kwanza, kisha lisimamishwe katikati ya mlima na kuondoka tena. Moja lilizima. Jingine lilipanda vizuri lakini lilikunywa mafuta hivi kwamba mshale ulionekana ukishuka. Jingine lilikuwa zuri, ila mkia ulikaa chini sana hadi taa za mbele zikaangaza juu ya miti.

Gachanja ndiye aliyelipata. Lilikuwa la mkulima wa maparachichi upande wa Gatanga: pikapu ya milango minne, rangi ya maharagwe yaliyochemka kupita kiasi, na kibonyeo mlangoni ambacho mkulima alisema ni kazi ya ng'ombe. Ilipofungiwa boti, mkia ulishuka kidogo tu. Katikati ya mlima ilisimama, ikanguruma kwa sauti nzito, ikaondoka kama haijafungiwa kitu.

"Haina sura," Gachanja alisema kwa huzuni.

"Sura ninayo mimi."

"Sawa. Kuvuta, inavuta. Lakini hununui mpaka nione ikisimama kwenye mteremko." Na ni yeye aliyegundua kwamba breki za trela yenyewe zilikuwa zimekufa siku nyingi, akamleta fundi, akasimama juu yake mpaka zikafanya kazi zote mbili.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo tulienda bwawani sote. Tabby aliendesha mwenyewe. Jioni aliirudisha nyuma ile pikapu hadi majini, akafunga boti, akaingiza gia ya chini, na gari likapanda kwenye udongo ule ule kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Halikuteleza hata kidogo. Urbanus alipiga makofi. Wavinya aliinua mkono kutoka shambani.

Siku hizi Gachanja hakosi. Kwa muda mrefu alikuwa anasema anakuja tu kuangalia breki, lakini mwezi uliopita alivua viatu, akavua saa, akamuuliza Urbanus jaketi la kuelea la mtu wa tumbo lake liko wapi. Kui ndiye aliyeendesha boti. Gachanja aliinuka nusu, akapinda kiuno, akaenda na uso ndani ya maji mpaka ubao ukaibuka bila yeye.

Tulingoja. Kichwa kilitokea, kikakohoa, kikatema maji.

"Haiya! Mnangoja nini?" alipaza sauti. "Leteni kamba!"