Nusu Saa ya Jioni na Jina la Maman Nabintu

Siku yangu ya kwanza redioni, mjini Bukavu, sikuiona hata mikrofoni. Mhariri mkuu, ambaye sote tulimwita Chef, alinipa dépêche, yaani habari fupi iliyotoka kwenye shirika la habari, imeandikwa kwa Kifaransa, akaniambia niigeuze iwe Kiswahili. Mimi nilizaliwa Uvira katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani ya mashariki, na Kiswahili cha kwetu kilikuwa na madoido mengi. Nikaandika ukurasa mzima wa madoido. Chef aliusoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Iko muzuri," akasema. "Sasa enda usomee ule maman mwenye anauzisha ndizi pale inje. Kama anaelewa, urudi."

Yule mama alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Habari yenyewe ilihusu bei ya mbegu. Nilirudi ndani, nikaandika upya, nikatoka tena, na nadhani nilitoka na kuingia asubuhi yote. Ndivyo nilivyojifunza kazi ya kutafsiri habari, na sijaona shule iliyo bora kuliko ile.

Chef alikuwa mkali na hakupenda maneno mengi, lakini alikuwa na sheria moja ambayo vijana wa leo wakiisikia wanacheka. Kila aliyesoma habari alipaswa kumaliza kwa kutaja jina lake na mtaa wake. Mimi nilisema, "Aliyewasomea ni Zaina wa Muhumba." Hayakuwa majivuno. Jumamosi asubuhi waliosoma wiki hiyo walikaa kwenye baraza ya redio, mbele ya mlango, na mtu yeyote aliyeona tumemsema vibaya alikuja kututaka maelezo. Ikionekana ana haki, alipewa droit de réponse, ndiyo haki ya kujibu, na alijibu saa ile ile habari ilipotangazwa, kwa sababu wanaosikiliza jioni si lazima wawe wale wanaosikiliza asubuhi. Jumamosi hizo tuliziita Baraza. Nimekaa pale nikisutwa na wachungaji, na wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na kanali mmoja aliyekuja na walinzi wake. Wengine hawakungoja Jumamosi, walinifuata Muhumba chakula kikiwa mezani. Niliichukia Baraza miaka mingi kabla ya kuelewa kwamba ndiyo iliyofanya watu watuamini.

Nilianza na kutafsiri, nikapanda nikawa msomaji, na Chef alipofariki nilikuwa tayari chef de programmes, yaani mpangaji wa vipindi. Redio yetu haikuwa ya serikali wala ya tajiri. Ilikuwa ya chama cha wasikilizaji, na wanachama ndio waliomchagua Directeur, yaani mkurugenzi. Katika vijiji tulikuwa na klabu za wasikilizaji, watu waliokusanyika kuzunguka redio moja, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakatuletea waliyoyaona kwao. Klabu ya bonde moja la Walungu, mbali nje ya mji, iliongozwa na Maman Nabintu, mjane mkulima wa maharagwe, mwanamke wa sauti ya chini ambaye sikuwahi kumsikia akiongeza chumvi kwenye habari. Akisema ng'ombe wawili wameibiwa, walikuwa wawili.

Msimu mmoja wa mvua radi ilitupiga. Émetteur, ule mtambo unaorusha sauti hewani, ukaungua. Mjini kwetu, redio ikinyamaza, si muziki tu unaopotea. Familia zilikuja mlangoni zikiuliza sasa zitatangaza wapi misiba yao, maana mtu akifia Bukavu na redio isiseme, ndugu zake wa kijijini watafika akiwa ameshazikwa. Papa Directeur, mwalimu wa zamani mwenye roho nyepesi kwa machozi ya watu, aligonga kila mlango wa serikali. Alipewa viti vya kukalia na ahadi.

Ndipo alipokuja Attaché. Alikuwa afisa wa ubalozi wa nchi kubwa ya mbali, nchi ambayo rais wake hana desturi ya kuondoka. Alikuwa kijana mpole, na Kiswahili chake, wallahi, kilikuwa safi kuliko cha wengi wetu. Alikisomea chuo kikuu kwao. Alitoa mtambo mpya, wenye nguvu ya kufika Walungu na kupita. Aliomba kitu kimoja tu, nusu saa kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kwa kipindi cha Kiswahili kinachotengenezwa kwao. Kipite kama kilivyo, bila kukatwa wala kuongezewa.

"Wengine wanakuja na masharti," alimwambia Papa Directeur mbele yangu. "Sisi hatuwaulizi mnavyotawaliwa."

Papa Directeur akatia sahihi. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Wafu walikuwa wanangoja kutangazwa.

Nataka mnielewe vizuri hapa, ninyi mnaosoma habari kwenye simu. Serikali ya namna ile haikuja kwetu na matusi wala vitisho. Ilikuja na muziki mzuri, mawaidha ya afya ya watoto, mpira, na habari chache katikati. Kwa muda mrefu sikuona neno la kulalamikia. Kitu kimoja tu kilinisumbua: yule msomaji mwenye sauti tamu hakuwahi kutaja jina lake. Nilimwuliza Attaché jina la mwenzangu. Akacheka, akasema ni timu.

Wakati huo kampuni ya nchi hiyo ilikuwa imeingia Walungu kutafuta dhahabu. Mashine zake ziliuchimbua mto, na matope yakafunika mashamba ya bondeni kwa Maman Nabintu. Sisi tulitangaza malalamiko ya wakulima katika habari zetu za mchana. Kisha jioni moja ile sauti tamu ikasema kwamba wakulima wa bonde hilo walilitoa kwa furaha, na kwamba kwa niaba ya wanawake, ridhaa ilitolewa na Maman Nabintu, kiongozi wa klabu ya wasikilizaji.

Jumamosi Maman Nabintu alikuwa barazani kabla yangu, amefika na taksibisi ya kwanza kutoka Walungu. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Maman Zaina, banasema nilitoaka mashamba ya benzangu. Miye sikutoaka hata moja. Hata yangu iko chini ya matope." Akatazama viti vyetu. "Ule mwenye alisomaka ile habari akuye akae hapa, nimuulize."

Nilikaa mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nikamweleza kwamba aliyesoma yuko ng'ambo, na jina lake hatulijui. Nimeona aibu nyingi katika kazi hii, lakini ile ilinikaa kifuani. Akanieleza yaliyompata. Wanawake aliokuwa akilima nao kwa zamu walimwacha alime peke yake. Sokoni walipita mbele ya maharagwe yake bila kumsalimia, wakanunua kwa jirani. Kwani redio imesema, na redio yetu ilikuwa haisemi uongo. Imani tuliyoijenga kwa miaka ndiyo iliyomwangamiza. Aliomba kujibu, saa ile ile ya jioni, Walungu isikie.

Papa Directeur alimpigia simu Attaché. Jibu lilikuwa la adabu kama kawaida. Mama huyo apewe nafasi asubuhi, au watamtengenezea kipindi kizima kuhusu maisha yake, kizuri kabisa, lakini ile nusu saa haiguswi. Papa Directeur akasema asubuhi watu wako shambani. Attaché akasema anasikitika.

Habari hizo zilifika hadi kwenye ubalozi mwingine, wa nchi ya demokrasia, ambako magazeti humchapa rais wao kila siku. Alikuja Conseiller, mshauri wa ubalozi huo, mzee mnyofu mwenye viatu vya matope, na nilifurahi kumwona. Akasema wao wanaweza kutupa mtambo mwingine, tukimrudishia Attaché wake. Lakini walitaka Maman Nabintu arekodiwe kwenye video kwa ajili ya kampeni ya kufichua uongo, na maneno ya kusema walikuwa wameshayaandaa. Nilimsomea Maman Nabintu maneno yale. Yalikuwa ya kweli karibu yote. 

"Bale banasemaka kwa jina yangu bila kuniuliza," akasema. "Habo baniuliza, lakini maneno bamesha andika. Minaweza kusema yangu? Minataka kusema pia ni nani wa kwetu alibapatiaka ruhusa."

Conseiller aliinamisha kichwa. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba yeye binafsi angekubali, ila kutaja wakubwa wa serikali yetu lilikuwa jambo ambalo ni lazima aombe idhini kwao, na idhini huchukua muda. Nilimheshimu kwa kutonidanganya. Tukangoja. Kila Jumamosi Maman Nabintu alikuja, akakaa barazani, akarudi Walungu, na kila mara alikuwa amekonda zaidi.

Mwishowe Papa Directeur aliita mkutano wa wanachama, waamue kama Maman Nabintu ajibu jioni hata kama tutanyang'anywa mtambo. Sijawahi kuona mkutano mgumu kama ule. Mwakilishi wa Nyantende, kijiji cha karibu na mji, alisema taa ya wote haiwezi kuzimwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mama mmoja wa Muhumba, jirani yangu, aliuliza kama tutaanza tena kuzika bila ndugu. Walikuwa na haki, na niliwaambia hivyo. Kisha nikasema kwamba kama mtu anaweza kutajwa kwetu kwa uongo na asiweze kujibu kwetu, basi hii si redio yao tena, hata ikifika wapi. Wengine walinizomea. Tulipiga kura kwa kunyanyua mikono. Tulioshinda tuliwazidi walioshindwa kwa mikono michache tu, na hakuna aliyeshangilia. Papa Directeur akafunga mkutano, akanigeukia.

"Lundi jioni, ile kipindi yao haipite. Utafungua micro, utamupatia maman."

Jumatatu ilipofika saa kumi na mbili na nusu, nilisema kwamba atakayeongea ni Nabintu wa Walungu, aliyetajwa katika habari ya jioni, na anatumia haki yake ya kujibu. Akaongea kwa sauti yake ile ile ya chini. Alisema hakutoa shamba la mtu. Alimtaja mkubwa wa serikali aliyetia sahihi karatasi za kampuni, akasema aulizwe yeye. Akawataja wanawake wa bonde mmoja mmoja, na shamba la kila mmoja, lilikuwa wapi kabla ya matope. Akamaliza kama tunavyomaliza sisi, kwa jina lake na kijiji chake. Hakujaza hata robo ya ile nusu saa. Muda uliobaki nilisoma matangazo ya misiba.

Wiki haikuisha. Lori la kampuni lilikuja kuuchukua mtambo, na Attaché mwenyewe alikuwepo. Alinishika mkono, akaniambia inamuuma kwamba Kiswahili kizuri kama changu sasa kitaishia Nyantende. Alisema kweli. Mafundi wetu waliufufua mtambo wa zamani kwa vipuri vya kuokoteza, na mpaka nilipostaafu haukuwahi kuvuka Nyantende siku ya mvua. Mtambo mpya ulipelekwa kwa redio nyingine iliyozaliwa ghafla kilimani, na ile sauti tamu inasikika Walungu mpaka leo, asubuhi na jioni, bila jina.

Jibu la ubalozi wa Conseiller nalo lilifika, mtambo ukiwa umeshaondoka. Badala ya mtambo tulipewa semina katika hoteli ya kando ya ziwa, kuhusu namna ya kuzitambua habari za uongo. Chakula kilikuwa kizuri. Tulipewa vyeti. Conseiller alikuwa ameshahamishiwa nchi nyingine.

Sasa nimestaafu, na vijana wa redio huniuliza nani alishinda. Wanataka niseme tulishinda sisi. Siwezi. Nchi zile zenye rais asiyeondoka huamua haraka na hulipa haraka, na ukigusa chao huondoka nacho haraka. Hizi nyingine hutupenda kwa dhati na huchelewa kwa dhati. Katikati yao tuko sisi, na kazi iliyobaki ni yetu. Huwa nakasirika nikisikia mtu akiiita kazi ndogo.

Juzi nilikwenda Walungu kwenye mazishi ya jamaa, nikapitia sokoni. Maman Nabintu alikuwa nyuma ya maharagwe yake, ameketi na wanawake wale wale wa zamu. Alinitengea nafasi kwenye gunia. Redio ya muuza simu aliyekuwa karibu nasi ilikuwa inacheza muziki wa ile stesheni ya kilimani. Tukausikiliza, maana ni muziki mzuri, lazima niseme.

"Maman Zaina," akaniuliza, "ile mashine mulipotezaka ju yangu. Inakuumaka?"

Nilimwambia ndiyo, inaniuma. Kuna misiba ambayo hatukuifikisha, na ninawajua baadhi ya watu wake.

"Na miye inaniuma," akasema. Mteja alikuwa amesimama mbele yetu, akamsalimia kwa jina, akainama kuchagua maharagwe. Maman Nabintu akachukua kopo la kupimia, akalijaza mpaka likafurika.