Uliza Mbuzi Kwanza

Kitabu cha Kiingereza cha ngumbaru kilikuwa upuzi mtupu, na mwalimu wa kina mama pale Zombe, mwaka wa themanini na sita, alisema hivyo wazi. Kwa hicho kitabu mtu anakutana na mwenzake, anauliza posta iko wapi, anaonyeshwa, anaenda zake. Hakuna hata salamu! Mwalimu alikuwa anaisoma hiyo mistari kwa sauti ya puani, anafunga kitabu, anapangusa chaki kwa leso. "Kina mama, nani hapa Ukambani anaongea hivi? Si watu watadhani mmekosana?" Halafu anawapanga wawili wawili, waulizane mvua, mbuzi, watoto, ndio wafike posta. Yote kwa Kiingereza. Ukiruka mbuzi anagonga dawati na kidole, unaanza upya.

Mkaguzi akatoka Kitui kuja kulifunga darasa, eti hawafuati kitabu. Aliingia akiuliza kwa Kiingereza, "Mko ukurasa gani?" Mamangu, muuza ndengu, akasimama akamjibu kwa Kiingereza hicho hicho: "Karibu kwanza, baba. Kwenu mvua imenyesha?"

Mkaguzi akasema imenyesha. Na mbuzi? Mmoja amezaa mapacha! Kina mama wote wakamvamia na maswali, naye anajibu akicheka, kitabu kiko kwapani.

"Nimesikia Kiingereza," akasema mwishowe. "Darasa litaendelea." Akageuka aende.

Mwalimu akagonga dawati. "Na mbuzi zao hujauliza."

Mkaguzi akarudi, akavuta kiti, akauliza.