Kilo za Bonheur na Viatu vya Matope

Wadogo zangu wa darasa la sita, mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Shule niliiachia darasa hilo hilo lenu, na ninaandika polepole. Ila nimesikia kwamba mnaogopa x ya hesabu, nikaona siwezi kunyamaza.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mvua, hapa Bweyeye, kando ya msitu wa Nyungwe. Dada yangu alikuwa Ruhwa kwenye biashara, akaniachia mtoto wake Bonheur nimpeleke kupimwa. Mtoto alikuwa hali chakula vizuri. Kipimo cha mwisho kilikuwa kilo saba. Akiwa amepungua, angepewa maziwa ya dawa. Akiwa ameongezeka, tungerudi nyumbani. Tulitembea kwenye matope mpaka zahanati, yeye mgongoni ndani ya blanketi, mimi na viatu vyangu vya mpira.

Mzani wa watoto ulikuwa umeharibika. Ulibaki ule wa watu wazima, wa kusimama juu yake. Maman Vestine, mzee anayesaidia kupima watoto, akaniambia nipande na Bonheur mgongoni.

"Hamsini na saba," akasoma.

"Maman, sasa za mtoto ni ngapi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Hatujue bado. Kitu hukijue, ukipe jina, uendelee. Tuseme x. Wewe na x, hamsini na saba. Shuka, upande peke yako."

Nikamkabidhi mtoto pamoja na blanketi lake. Hapo nikaona matope niliyoacha juu ya mzani, nikaona haya mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni, nikavua viatu. Nikapanda. Arobaini na tisa.

"Kilo nane!" akina mama wakapiga makofi. "Bonheur, bugali ya nani ulikula weye?"

Nilicheka nao. Nikaanza kujiandaa kurudi nyumbani.

Maman Vestine hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyangu, kisha blanketi lililokuwa linadondosha maji mikononi mwake.

"Mwanangu, ulipima mtoto ao ulipima mvua ya Nyungwe? Bile bitu ulipanda nabyo kwanza, panda nabyo tena. Mtoto tu ndiye abaki chini. Haya, vaa."

Nikavaa viatu, nikajifunga blanketi. Hamsini na moja. Kumbe x ilikuwa sita. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na mimi machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" akasema Maman Vestine. "Ile nane ingemurudisha nyumbani na njaa yake."

Siku hiyo hiyo akapewa maziwa. Leo Bonheur anakimbiza kuku wa majirani, na anayeitwa kuja kumkamata ni mimi.

Basi, wadogo zangu, x si mchawi. Ni namba tu ambayo bado hamjaipata. Andika unachokijua, usichokijua kipe jina, na ukitoa kitu upande mmoja, kitoe na upande wa pili, kile kile, chote. Ukipata jibu, lirudishe mahali pa x uone kama pande mbili zinalingana. Usikimbilie makofi kabla ya hapo. Na mwalimu akikuita ubaoni, usione haya. Panda na matope yako.

Mungu awape kichwa kitulivu na mkono usiotetemeka mbele ya darasa. Mniandikie, tafadhali, hesabu moja iliyowashinda. Nitaijibu, hata kama nitachelewa kumaliza kuiandika.